Barua kwa Mwanangu: Mlio Niliokukatalia

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku ulikuja kuniamsha mara mbili ukilalamika kwamba chaja iliyoachwa kwenye soketi inalia. Nilikwenda, nikainama hadi sikio langu likakaribia kugusa ukuta, nisisikie kitu, nikakuambia kwa ukali kwamba sikio halipiti kichwa, urudi ukalale. Asubuhi niliikuta umeichomoa na kuifungia ndani ya soksi. Ninakuandikia kukiri kwamba chaja ilikuwa inalia kweli, na kukueleza jinsi sikio lako lilivyokipita kichwa changu.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Mtetemo huo huingia kwa njia yenye urefu wa sentimita 2.5 hivi na kukigonga kiwambo cha sikio, ambacho nacho huvitikisa vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa milimita 3 hivi, na hakuna mfupa ulio mdogo kuliko huo mwilini mwako. Vifupa hivyo vinahitajika kwa sababu sikio la ndani limejaa majimaji, na mtetemo wa hewa ukiyafikia majimaji moja kwa moja, karibu nguvu yake yote hurudi ilikotoka. Ndiyo maana ukizamisha kichwa majini huwasikii vizuri wanaozungumza juu. Kwa hiyo vifupa huubeba msukumo wa kiwambo kizima na kuubana kwenye kidirisha kidogo mno, chenye eneo dogo zaidi ya mara 15 kuliko kiwambo chenyewe, na hapo ndipo majimaji hukubali kutikisika.

Majimaji hayo yamo ndani ya koklea, mrija uliojiviringa kama gamba la konokono mizunguko miwili na nusu. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, na kila moja ina nafasi yake: zilizo karibu na mlango hupokea milio myembamba, na zilizo ndani kabisa hupokea milio mizito. Georg von Békésy, mwanasayansi aliyezaliwa Budapest, alilichungulia wimbi likisafiri ndani ya koklea za maiti kwa darubini, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Vinyweleo vikipinda, seli huiamsha neva, nayo hupeleka habari kwa njia ya umeme hadi kwenye ubongo, na ubongo ndio unaosema, "Huyu ni mama ananiita."

Sasa nije kwenye chaja yetu. Kijana mwenye masikio mazima husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, yaani hezi 20 hadi 20,000. Chini ya hapo tembo huitana kwa ngurumo tusizozijua. Juu yake mbwa husikia hadi hezi 40,000 na zaidi, na popo wako wanaolia kwa zaidi ya 100,000. Dari yetu, yaani mlio mwembamba kuliko yote tunaoweza kuusikia, tangu mwanzo si ya juu, nayo hushuka kadiri umri unavyosonga, kwa kuwa seli za mlangoni, zile za milio myembamba, ndizo zinazotangulia kufa. Kuku akizipoteza, humwotea nyingine, jambo ambalo ninamwonea wivu. Binadamu hazimwotei tena. Ule mlio ulikuwa juu ya dari yangu na chini ya dari yako, basi.

Umri hauna dawa, lakini kelele ni jambo jingine, na hapa ninakusema wewe na hizo spika za masikioni. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Ukihesabu utaona kwamba kwenye desibeli 100 unabakiwa na dakika 15 tu. Sikio halina kope la kufumba. Lina msuli mdogo unaokikaza kikuku kelele inapozidi, ila msuli huo huchelewa kidogo, na mshindo wa ghafla kama wa fataki huwa umeshapita.

Chaja nimeihamishia sebuleni. Kabla hujarudi, nilizima taa nikasimama chumbani mwako kwa muda, na kwangu palikuwa kimya kabisa. Kesho uniambie kama na kwako palikuwa hivyo.

Ni mimi,
Mama yako