Harambee ya Mabinti Ambao Hedhi Yao Imefungiwa Ndani

Wapendwa waumini, wazazi na marafiki,

Mlipoombwa mabati ya kanisa hamkusita. Leo tunawarudia kwa jambo ambalo wengi wetu huona haya hata kulitamka.

Binti wa miaka 14 ameota matiti, hajavunja ungo, na kila mwezi tumbo la chini humsokota siku tatu nne. Damu ya hedhi ipo, ila haina pa kutokea: amezaliwa na kizinda (utando wa mlango wa uke) kisicho na tundu, au uke wake umezibwa na ukuta wa nyama. Hujikusanya mwezi baada ya mwezi hadi tumbo livimbe na mkojo ugome. Majirani husema ana mimba. Mabinti wengine huishia kukatwa kidole tumbo kisicho na ugonjwa.

Kizinda kilichoziba hufunguliwa kwa upasuaji mdogo, binti akiwa amelazwa usingizi. Mzazi anayehofia sifa ya mwanawe ajue hiyo ni tiba, na daktari anaweza kumwandikia hivyo.

Ukuta ulio juu zaidi ndio wenye gharama. Altrasaundi hutangulia, kisha MRI, picha ya kina zaidi ya mashine ya sumaku, hupima unene wa ukuta na mahali ulipo. Figo nazo zitazamwe, maana mfuko wa uzazi na njia ya mkojo huumbika kwa pamoja. Yupo binti mwenye mifuko miwili ya uzazi anayepata hedhi kila mwezi, kumbe upande mmoja umezibwa, na mara nyingi figo ya upande huo haipo kabisa. Anayekata bila picha anaweza kutoboa kibofu au utumbo. Kunyonya damu kwa sindano tu ni hatari: tundu hujifunga, vijidudu vimeshaingia, damu inageuka usaha. Na hata baada ya upasuaji mzuri, kovu huweza kukaza na kuziba njia upya asiporudi kliniki na kutumia kipanuzi alichopewa, yaani kifaa kinachoingizwa ukeni ili njia ibaki wazi. Kwa hiyo tunachangisha picha, upasuaji, vipanuzi, na nauli ya kurudi.

Risiti zote zitabandikwa ubaoni. Jina la binti halitaandikwa popote.

Akina baba, mchango huu msiwaachie akina mama peke yao. Mabinti ni wenu pia. Mungu awabariki mlioanza kutoa. Bahasha ziko kwa mhazini. Asiye na fedha lakini ana gari, tunamhitaji: safari ya hospitali ya rufaa huanza alfajiri.