Leveli imeshuka baada ya gemu kuboreshwa? Usiifute kwanza

Gemu ikibadilishiwa mfumo wa kupanda leveli, wateja wanaoingia dukani kwetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, wana swali moja: jasho langu limekwenda wapi? Wana haki ya kuuliza. Mtu amecheza miezi, bando limeteketea, halafu anafungua simu anakuta namba ndogo.

Namba kushuka peke yake si hasara. Oktoba 2020 gemu ya kompyuta ya World of Warcraft ilibana leveli zote, aliyelala na 120 akaamka na 50. Maadui nao walipunguzwa nguvu, kwa hiyo mapambano hayakubadilika sana. Kinachoumiza ni muda wa kufikia hatua inayofuata, na huo ndio wa kupima. Gemu ya Star Wars Battlefront II ilipokaribia kutoka Novemba 2017, kumfungua Darth Vader, mhusika wake maarufu, ili umchezeshe kulitaka krediti 60,000, yaani sarafu za ndani ya gemu. Wachezaji wakapiga hesabu ya saa, wakalalamika, bei ikashushwa hadi 15,000. Ukilalamika, peleka hesabu. Matusi hayamsaidii mtu.

Kwenye eFootball, gemu ya mpira wa miguu, kinacholetwa sana kwetu ni swali la pointi. Mchezaji wa kikosi chako akipanda leveli moja unapata pointi 2, unazigawa mwenyewe. Akianzia leveli 1 akafika 32 una 62. Hatua nne za kwanza za uwezo wa kupiga shuti zinakula pointi 1 kila moja, nne zinazofuata zinakula 2, nne za baada ya hapo 3. Kufika hatua ya 8 ni pointi 12. Kufika ya 12 ni 24. Yaani pointi 12 za mwisho zimekupa hatua nne tu, wakati kwenye chenga ambayo hujaigusa zingekupa nane. Ndiyo maana unaona straika ana shuti kali lakini akipewa mpira mguuni anapokonywa.

Kabla toleo jipya halijaingia, angalia kama akaunti yako imeunganishwa na barua pepe. Hili ndilo linalowaliza watu. Ukicheza kama mgeni, mara nyingi njia ya kurudi kwenye akaunti imo ndani ya simu hiyohiyo; ukifuta gemu ili upate nafasi, umefuta na njia hiyo. Punguza video na picha badala yake. Kisha piga picha za skrini: leveli, sarafu, kikosi, na risiti ya kila ulichonunua. Bila hizo, kampuni ya gemu ikikuuliza ulikuwa na nini utabaki kukumbuka tu.

Gemu ikishafunguka, usitumie sarafu siku hiyohiyo. Bei na zawadi za mfumo mpya hurekebishwa mara nyingi wiki za mwanzo, na sarafu ikishatumika kuirudisha ni kazi.

Akaunti ya kununua kwa mtu hatuihudumii, kwa sababu mwenye barua pepe ya kwanza anaweza kuivuta tena wakati wowote. Yako mwenyewe ilete pamoja na simu yenye chaji. Neno la siri utaliandika wewe, sisi hatuliombi.