Barua ya wazi kwa vijana mnaotunga mchezo wa dadu kuhusu Japani baada ya maangamizi

Wajukuu zangu,

Nimeisoma ramani yenu. Milima mitakatifu mmeichagua vizuri, ila akiba za chakula mmezificha panapopendeza macho, si pale mwenye njaa anapoweza kufika. Zihamisheni kabla hamjaanza kucheza.

Sanduku la Fuji mmeliweka kileleni, mita 3,776. Mvua ya pale huzama kwenye mawe ya volkano na kuibuka chini, kwenye chemchemi kama zile za kijiji cha Oshino. Mtu atakaa juu na kilo kumi za mchele asiwe na maji ya kuupikia. Lishusheni. Mlima Ontake, volkano nyingine, ulilipuka tarehe 27 Septemba 2014, karibu saa sita mchana, wapandaji wakiwa kileleni: 58 walikufa na watano hawakupatikana. Huko msiweke kitu juu. Na popote penye matundu ya gesi, msichimbe bondeni. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni, na anayeinama kufukua ndiye huanguka kwanza.

Mchezo wenu ningeujenga kwenye milima mitatu ya Dewa, mkoani Yamagata: Haguro, Gassan na Yudono. Haguro ni mfupi, mita 414, na hupandwa mwaka mzima. Gassan una mita 1,984, na hekalu la kileleni hufunguliwa Julai likafungwa katikati ya Septemba. Sehemu kubwa ya miezi mingine ni theluji tupu. Waumini walishalitatua tatizo lenu zamani: kwa kuwa Gassan na Yudono hazifikiki wakati wa baridi, miungu ya milima yote mitatu huabudiwa pamoja kwenye jengo moja juu ya Haguro. Fuateni kalenda yao. Akiba kubwa, ya Desemba hadi Mei, iwe Haguro. Ya Gassan iwe ndogo, ya mtu anayevuka kiangazi.

Lakini si ndani ya hekalu wala kando ya ngazi zile 2,446. Kila mkimbizi atapita hapo, na kila mwizi ataanzia hapo. Ingieni msituni hatua mia mbili au zaidi, kwenye mteremko, kwa sababu mvua za Juni na Julai hujaza kila palipo tambarare. Shimo liwe na kokoto sentimita 15 chini, na kifuniko kiwe nusu mita chini ya udongo. Mtungi wa udongo hupasuka maji yakiganda ndani yake. Ndoo ya plastiki hutafunwa na panya, na dubu weusi wa kisiwa cha Honshu hunusa miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, kwa mbali. Tumieni pipa la chuma lenye pete ya kukaza, lililopakwa mafuta mazito nje.

Kwa mtu mmoja, siku kumi: mchele mweupe kilo 4, soya kavu kilo 1, miso kilo 1, chumvi nusu kilo. Hiyo ni takriban kilokalori 2,000 kwa siku. Anayetembea thelujini atakonda lakini atafika. Soya ilowekwe usiku kucha, la sivyo itamaliza mkaa wote. Mchele usiokobolewa msiuweke, hata kama mna huruma na afya za wahusika wenu: mafuta ya pumba zake huchacha mapema. Ongezeni umeboshi, yaani achari ya matunda ya ume, zilizotiwa chumvi asilimia 18 au zaidi, maana hizo hukaa miaka. Vikopo vya gesi ya butani, vilivyojaa kila jiko la Kijapani, havifai baridini. Chini ya nyuzi sifuri gesi haitoki. Wekeni mkaa, na viberiti vilivyochovywa kwenye nta.

Alama ndiyo inayowaangusha watunzi wengi. Torii za mbao, yale malango ya mahekalu, huoza, taa za mawe hulala chini kwenye tetemeko la kwanza, na theluji hufunika chochote kilicho kimo cha mtu. Pimeni kutoka kwenye miamba mitatu isiyosogea, kisha chanjeni mwerezi mita nne au tano juu. Vipimo visiandikwe. Yudono kuna mwiko wa kale kwamba yaliyoonekana huko hayasimuliwi, basi wapeni walinzi wa akiba asili ya huko, na usiri wao hautahitaji maelezo.

Kwenye jedwali lenu la dadu, pipa lisilofunguliwa kwa mwaka mzima lirushiwe dadu ya unyevu kwanza, ya panya baadaye. Anayechukua mchele kiangazi na asirudishe mwingine kabla ya Novemba, kikundi kitakachofika Februari kikute chumvi na mkaa tu.

Babu yenu