Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa Mbio wa 2018

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenzi wa mbio za magari, wazee wetu wa Leicester, kina mama, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Hesabu za mwaka mmeshagawiwa na mhazini, na zimekaguliwa, kwa hiyo sitazisoma tena hapa. Muda niliopewa nitautumia kueleza msimu wenyewe wa magari ya GT, yaani ya michezo yenye kasi kubwa, na ya saluni, yaani ya muundo wa kawaida wa barabarani, na kuwasilisha ombi ambalo kamati imenituma nilifikishe kwenu.

Naanza na uwanja wa mbio wa Rockingham, ulioko Corby, kwa sababu nimeulizwa habari zake tangu mlangoni. Ni kweli. Uwanja huo umeuzwa, na tangu mwisho wa 2018 hauna mbio tena. Sasa ni mahali pa kuhifadhi magari ya biashara. Kwa sisi tunaokaa Corby, Kettering, Northampton na Leicester, ule ulikuwa uwanja wa nyumbani. Ulifunguliwa 2001 kwenye ardhi iliyowahi kuwa ya kiwanda cha chuma cha British Steel, na ulikuwa wa kwanza wenye njia ya umbo la yai na kona za mwinamo kujengwa Uingereza tangu uwanja wa Brooklands ulipofungwa 1939. Majukwaa yake yalikuwa na viti zaidi ya 50,000. Septemba ya mwaka ule ule wa kwanza walikuja Wamarekani wa mashindano ya magari ya CART. Maji yakawa yanapenya kutoka chini ya lami, mazoezi yakavurugika, na mbio zenyewe zikafupishwa. Waliovumilia wakamwona Gil de Ferran akimpita Kenny Bräck katika mzunguko wa mwisho kabisa. Wamo humu ukumbini waliokuwapo siku ile, na bado wanaisimulia kana kwamba ilikuwa Jumapili iliyopita.

Kwa nini uwanja mzuri hivyo umekufa? Maoni yangu ni kwamba ulijengwa kwa ajili ya umati ambao haukuja. Mpenzi wa mbio wa Uingereza amezoea kukaa kwenye tuta la nyasi, karibu na kona, chupa ya chai mkononi, akihama kutoka kona moja hadi nyingine mchana kutwa. Rockingham ilimketisha mbali, juu, kwenye jukwaa kubwa lililo nusu tupu. Magari ya GT yalipokuja yalitumia sehemu ya njia ya nje na kisha kuingia kwenye vikona vya ndani, na mtu wa jukwaani aliona vumbi tu upande wa pili. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kufungwa kwake si hasara. Uwanja ukifungwa haurudi. Majirani hujenga, mamlaka hubadilisha matumizi ya ardhi, na kelele zinazovumiliwa leo kwa sababu zilikuwapo jana hazivumiliwi tena zikianzishwa upya. Aprili 2018 magari ya mashindano ya British GT yalikimbia pale kwa saa mbili, na sisi tulikaa pamoja bila kujua kwamba tunaaga.

Kamati imeamua kwamba kuanzia msimu wa 2019 Donington Park ndio uwanja wetu wa kukutania. Ni karibu na Leicester, kuna basi, na British GT watakwenda pale mara mbili katika msimu wa 2019. Pia ni uwanja wenye historia ndefu, maana magari yalianza kushindana Donington mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wageni wa mbio wapelekeni kwanza kwenye mteremko wa Craner Curves. Mtu akishaona gari la GT likishuka pale bila dereva kuondoa mguu kwenye mafuta, hahitaji tena kushawishiwa.

Sasa msimu wenyewe. Kwa wanachama wapya nieleze kidogo. British GT ni mashindano yanayoandaliwa na kampuni ya SRO ya Stéphane Ratel, na yana madaraja mawili, GT3 na GT4. Gari moja huendeshwa na madereva wawili, wakibadilishana katikati ya mbio pale piti, yaani sehemu ya kuhudumia magari. Mbio fupi ni za saa moja, nyingine za saa mbili, na Silverstone 500 ni ya saa tatu. Magari ya aina tofauti yanasawazishwa kwa kanuni: hili linaongezewa uzito, lile linapunguziwa hewa ya injini, ili Bentley kubwa na Lamborghini fupi zifike kona moja kwa wakati mmoja. Na anayepanda jukwaa la washindi hupewa sekunde za ziada za kusimama piti katika mbio zinazofuata.

Lakini lililo muhimu kuliko yote ni aina ya madereva. FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari, huwapanga kwa shaba, fedha, dhahabu na platinamu. Katika kundi kuu la GT3 dereva wa kulipwa huunganishwa na dereva wa ridhaa, yaani mtu mwenye kazi au biashara yake, anayekimbia kwa mapenzi na mara nyingi ndiye anayelipia gari. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa ndio roho ya mashindano haya. Mtaalamu mmoja na mwingine wanatofautiana kwa sehemu za sekunde. Tofauti kubwa iko kwa yule wa ridhaa: akipoteza sekunde moja kila mzunguko, kwa dakika hamsini, hakuna mtaalamu atakayeirudisha. Kwa hiyo ubingwa wa British GT kwa kweli huamuliwa na mtu anayerudi kazini Jumatatu.

Mwaka 2018 uliliweka jambo hilo wazi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Mabingwa walikuwa Flick Haigh na Jonny Adam, wakiwa na Aston Martin V12 Vantage ya timu ya Optimum Motorsport. Adam tunamfahamu. Ni Mskoti, dereva wa kiwanda cha Aston Martin, na mmoja wa washindi wa GTE Pro, daraja la magari ya GT ya madereva wa kulipwa, katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, 2017, ambako alilipita Corvette wakati mbio zikielekea ukingoni kabisa. Alikuwa ameshautwaa ubingwa wa Uingereza 2015 na 2016. Haigh ndiye aliyekuja na jipya. Wikiendi ya Pasaka, Oulton Park, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio za British GT kwa jumla, na Septemba, Donington, akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wenyewe. Hakupewa daraja la peke yake wala kikombe cha pembeni. Aliendesha zamu zake kwenye mvua na kwenye jua, akawashinda wanaume waliokuwa na miaka mingi zaidi katika GT3, na akamkabidhi Adam gari zima, likiwa mahali pa kushindania. Nawaomba kina mama na mabinti waliomo humu walisikie hili kama lilivyo. Tumekuwa na wanachama wanaume wanaowaleta wake na mabinti zao viwanjani na kuwaachia kazi ya kufungua vyakula. Kamati ingependa desturi hiyo iishe.

Nitaikosa sana ile Aston Martin. Injini yake ilikuwa ya silinda kumi na mbili, lita 6, bila turbo, na iliwapa madereva wake ubingwa wa Uingereza 2013, 2015, 2016 na sasa 2018. Inayokuja baada yake ina silinda nane na turbo mbili. Itakuwa na kasi, sina shaka, lakini aliyesimama Silverstone V12 ikipita anajua kilichoondoka.

Daraja la GT4 mwaka 2018 lilikuwa na magari mengi kuliko GT3 na vijana wengi. Wakiwa wengi kiasi hicho njia hujaa, na wenye GT3 hulazimika kuwapita kila baada ya mizunguko michache. Wanachama kadhaa wameniambia hapo ndipo walipopata burudani yao kubwa, na nakubaliana nao. Safari ya Spa nchini Ubelgiji ilifanyika kwa waliojilipia wenyewe. Picha zao ziko ukutani.

Upande wa magari ya saluni tumewafuata Britcar, mashindano ya mbio za muda mrefu, ambako BMW, SEAT na Honda za saluni zilishiriki njia moja na Porsche na Ferrari. Uingereza ina urithi mkubwa hapa. Mbio za Willhire za saa 24 zilikimbiwa kwenye uwanja wa Snetterton kuanzia 1980 hadi 1994, kwa magari ya kawaida ya dukani, na Britcar ndio waliorudisha mbio za saa 24 kwenye ardhi hii, Silverstone, 2005. Wengi wenu mnakumbuka 2007, watangazaji wa kipindi cha magari cha BBC walipoingia na BMW ya dizeli na kumaliza. Mwaka 2018 walichotupa ni mbio za usiku za uwanja wa Brands Hatch, Novemba. Njia fupi ile haifiki kilomita mbili, iko kama bakuli, na giza likiingia unaona msururu wa taa ukishuka Paddock Hill bila kukatika. Gari linatambulika kwa rangi ya taa zake na kwa mlio. Breki zinawaka nyekundu ndani ya magurudumu. Mekanika wanabadilisha matairi mikono imekufa ganzi, na dereva anayeingia ndani ya gari hana nafasi ya kuzoea, anatoka piti moja kwa moja kwenye giza. Baridi ilikuwa kali, lakini hakuna aliyetaka kuondoka. Mzee wetu mmoja aliyefika Leicester 1972 kutoka Kampala alisema amerudishwa barabarani, akiwa kijana, akisubiri taa za magari ya Safari Rally usiku. Wazee wetu waliotoka Uganda walimwona dereva wa Kenya, Joginder Singh, akishinda, na wanamhesabu Shekhar Mehta kuwa mtoto wao: mzaliwa wa Uganda, aliyeondoka mwaka ule ule walioondoka wao, akaishinda Safari mara tano, 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kumbukumbu hizo tusiziache zipotee. Katibu ameanza kuwarekodi wazee kwa sauti, na anahitaji vijana wa kumsaidia.

Na hapo nafika kwenye ombi. Mbio hizi zote hazifanyiki bila mamarshali, wale wenye ovaroli za rangi ya chungwa wanaopeperusha bendera, kuzima moto, kufagia changarawe na kumkimbilia dereva aliyegonga. Hawalipwi. Wanaamka gizani, wanasimama kutwa kwenye mvua, na idadi yao ikipungua mbio haziruhusiwi kuanza. Wengi wao wamezeeka, na wanaowapokea ni wachache. Mwaka 2018 wanachama wetu kadhaa walifanya mafunzo na kusimama vituoni, nao wameripoti kwamba walipokewa vizuri. Mmoja wao, binti, alipeperusha bendera ya manjano, ile ya hatari, Snetterton mbele ya magari ya GT4 yaliyoparamiana, na mkuu wa kituo akamwandikia sifa kwenye kitabu chake. Tunajivuna naye.

Kamati inataka chama hiki kihame kutoka kwenye tuta la nyasi hadi kituoni. Dereva wa ridhaa anakimbia kwa mapenzi, na marshali wa ridhaa anasimama kwa mapenzi. Mchezo huu wote umeshikwa na watu wa aina hiyo, nasi tuna uwezo wa kuwa miongoni mwao. Mamlaka ya mchezo, ambayo Januari 2019 ilibadilisha jina kutoka MSA na kuwa Motorsport UK, inasema inataka watu wapya. Basi twendeni. Anayeona Kiingereza chake ni kidogo asiogope: bendera hazina lugha, na mafunzo hufanyika kwa vitendo. Anayeogopa baridi nampa haki yake, lakini koti tutamtafutia.

Kuhusu fedha nina neno moja. Tunapendekeza sehemu ya ada iliyokuwa inalipia tiketi za pamoja Rockingham sasa ilipie ovaroli na viatu vya wanachama wanaoanza umarshali. Mhazini ameshapiga hesabu na zinakubali. Mtapiga kura baada ya chakula.

Yapo yaliyotukera. Basi dogo tulilokodi kwenda Brands Hatch lilichelewa mno, na familia zenye watoto zilisubiri barabarani kwenye baridi. Fedha zimerudishwa, na kampuni ile hatutaitumia tena.

Nawashukuru katibu, mhazini, na kina mama waliopika kwenye kila mkutano. Nafasi mbili za kamati ziko wazi, na katiba yetu inataka angalau moja ichukuliwe na mwanachama chini ya miaka thelathini. Mimi nagombea tena kwa mwaka mmoja tu, kisha nitawaachia wengine.

Msimu wa 2019 wa British GT unafunguliwa Oulton Park, Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili. Fomu za mafunzo ya umarshali ziko kwa katibu, mezani karibu na mlango. Wanaotaka usafiri waandike majina leo, maana dereva anataka idadi kabla ya mwisho wa mwezi.