Barua kwa Mwanangu: Bibi Yako na Fumbo la Mkungu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ndivyo ninavyoanza barua tangu nijue kushika kalamu, na sitabadilisha leo kwa ajili ya yale ya Jumapili. Ukitaka itikia, hutaki ihesabu kuwa ni "hujambo" tu. Sisi huku Tanga wazima. Bibi yako goti linamsumbua tangu vuli ianze, lakini mdomo haujambo hata kidogo. Mwembe wa uani umezaa mpaka matawi yanagusa bati.

Ningeweza kukujibu palepale kwenye kundi la familia, lakini mambo ya mtu na mwanawe hayazungumzwi mbele ya mashangazi saba, tena kila mmoja na simu mkononi na chungu jikoni.

Bibi alikuuliza kwa sauti kama unaswali huko Uholanzi. Wewe ukatuma picha ya jedwali na mstari mmoja: utafiti unaonyesha kuwa watu wenye akili zaidi hawaamini sana. Ulisahau kwamba bibi yako hajui kusoma, na kwamba anayemsomea ni mimi. Nikasoma. Akanyamaza, akavuta mtandio, kisha akauliza, "Kwa hiyo kasema mimi mjinga?" Nikamwambia hapana mama, anazungumzia watu wa Ulaya. Nilikusitiri. Hilo deni, utalilipa.

Kabla ya Isha mjomba wako naye akaja na jibu lake: ile hadithi ya Neil Armstrong kusikia adhana mwezini akasilimu. Armstrong mwenyewe aliikanusha akiwa hai, na alikuwa hai hadi 2012, lakini kwenye simu za watu wa Tanga bado anasilimu kila mwaka. Nilicheka peke yangu. Wewe na mjomba mlikuwa mnagombana, na mlikuwa mnafanya jambo lilelile: kila mmoja kaenda kuazima akili ya mzungu ili aishinde ya mwenzake.

Sasa huo utafiti wako. Nimefundisha hesabu miaka 31, siogopi jedwali. Kijana wa jirani alinipakulia makala yenyewe, nikavaa miwani. Na nianze kwa kukupa haki yako: siupingi. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Miron Zuckerman na wenzake walikusanya tafiti 63, wakakuta kwamba kwa jumla wanaopata alama za juu kwenye vipimo vya akili huwa na imani pungufu kidogo. Mwaka 2020 walirudi na tafiti 83, jibu likawa lilelile. Mjomba atasema ni njama. Si njama, ni hesabu.

Lakini wewe, mtoto wa mwalimu, ulituma jedwali ukaiacha namba. Namba yenyewe, ile ya 2013, ni −0.24, katika kipimo cha uhusiano wa vitu viwili kinachoanzia −1 hadi 1, sufuri ikiwa hakuna uhusiano. Zidisha 0.24 kwa 0.24. Unapata 0.0576. Yaani ukichukua tofauti zote zilizopo kati ya watu katika kuamini, alama za akili zinakwenda sambamba na kama asilimia 6 ya tofauti hizo. Hiyo 94 iliyobaki iko kwingine: mtu alizaliwa wapi, alilelewa na nani, alizika nani, aliumizwa na nani. Ningekupangia wanafunzi wangu arobaini kwa alama za hesabu, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, usingeweza kunionyesha kwa kidole ni nani atakayetoka kwenda kuswali adhuhuri na nani atajificha nyuma ya choo mpaka kengele ilie.

Tena waliopimwa wengi ni Wamarekani. Yuko mwanasaikolojia anaitwa Will Gervais. Mwaka 2012, yeye na mwenzake walichapisha kwenye jarida la Science kwamba hata kumtazamisha mtu picha ya ile sanamu ya Rodin ya mwanamume aliyeshika kidevu akiwaza kunampunguzia imani kwa muda. Wengine walilirudia jaribio hilo la sanamu kwa watu wengi zaidi, jibu halikutokea. Yeye mwenyewe na wenzake wakaenda kupima katika nchi 13, na mwaka 2018 wakaandika kwamba uhusiano wa kufikiri kwa makini na kutoamini ni hafifu na unabadilika kutoka nchi hadi nchi. Huyo nimempenda. Mtu anayerudi ubaoni kufuta alichokiandika kwa mkono wake nimewaona wachache, hata kwenye ofisi ya walimu.

Katika tafiti hizo hutumika sana fumbo moja, limo kwenye mtihani mfupi wa mtafiti Shane Frederick wa mwaka 2005. Bila shaka unalijua, la gongo na mpira. Mimi nililigeuza. Chungu na mkungu wake, yaani kile kifuniko cha udongo, kwa pamoja ni shilingi 11,000. Chungu kinauzidi mkungu kwa shilingi 10,000. Mkungu ni bei gani?

Nitakuambia siri. Mara ya kwanza nilipolisoma nilisema 1,000. Mimi, mwalimu wa hesabu, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Ilinibidi nirudi nyuma.

Jioni ile bibi yako alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo, chuya huku, mawe kule. Nikamuuliza. Hakunyanyua uso. Alisukuma punje tatu pembeni kwa kidole, kama anayetenga, akasema, "Mia tano. Chungu elfu kumi na mia tano." Kisha akaniangalia. "Lakini mkungu wa mia tano usinunue. Una ufa huo."

Najua utakalosema: bibi mmoja havunji wastani. Kweli, nami nisingempa alama mwanafunzi aliyejenga hoja juu ya mtu mmoja. Sikulileta hilo kuvunja jedwali lako. Nimelileta kwa sababu uliposema "watu wenye akili", nadhani picha iliyokujia haikuwa ya mtu aliyekaa kwenye mkeka na ungo. Huyu mama alihesabu mapato ya samaki wa kukaanga miaka arobaini bila karatasi. Akitazama mwezi anakwambia bamvua ni lini na maji mafu ni lini, na wavuvi vijana wenye simu janja bado wanapita barazani kumuuliza. Kwenye fomu ya benki anaweka dole gumba.

Halafu kuna jambo ambalo tafiti zako hazilipimi. Ukiweka "w" mbele ya akili unapata wakili, na mara nyingi ndiyo kazi inayoifanya: inatetea mteja iliyempata. Kumbuka Kanungu, kule Uganda, Machi 17, 2000, lile kanisa lililoteketea na mamia ya watu ndani. Mmoja wa viongozi wa kundi lile alikuwa padre aliyesoma mpaka Marekani na kurudi na shahada. Huko Japani, miongoni mwa wafuasi wa kundi la dini waliotia gesi ya sumu ya sarini kwenye treni za Tokyo mwaka 1995 walikuwamo wanasayansi na daktari wa moyo. Hao hawakukosa akili. Walikuwa nayo ya kutosha kujibu kila shaka iliyobisha mlangoni. Na usifurahi haraka, maana wakili huyohuyo yuko tayari kumtetea na asiyeamini, kwa bidii ileile.

Mfano ninaoupenda zaidi ni huu, na ningetamani ungeutuma huu kwenye kundi badala ya jedwali. Mwaka 1979 Nobel ya fizikia walipewa watu watatu: Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam. Weinberg na Salam walikuwa wameifikia nadharia moja kila mtu kivyake, Weinberg mwaka 1967, Salam 1968, ile inayoonyesha kwamba nguvu ya umeme na sumaku na ile nguvu dhaifu iliyomo ndani ya kiini cha atomu zina asili moja. Hesabu zilezile, mwanangu. Weinberg hakuwa na Mungu, tena alikuwa mkali wa kulisema. Salam alikwenda Stockholm na kilemba cha Kipunjabi na viatu vilivyokunjwa ncha, akasimama kwenye karamu akanukuu Suratul Mulk: hutaona kasoro katika uumbaji wa Mwingi wa Rehema, basi rudisha macho, je, unaona ufa wowote?

Ndiyo Tabaraka hiyo, anayoisoma bibi kila usiku kabla hajalala, na wewe ulikuwa unamsaidia kumalizia.

Sasa nionyeshe kwenye hizo hesabu ni wapi imani ya mmoja iliingia na kutokuamini kwa mwingine kulitoka. Na lililomkuta Salam baadaye lilihusu akili? Alikuwa Ahmadiyya, na nchi yake, Pakistan, ilikuwa imewatangaza watu wa madhehebu yake kuwa si Waislamu tangu 1974. Alipofariki mwaka 1996 wakamzika hukohuko, mji wa Rabwah, kaburi likaandikwa kwamba ni Mwislamu wa kwanza kupata Nobel. Neno "Mwislamu" likafutwa kwenye jiwe. Basi, aliyetaka imani yake isionekane hakuwa Weinberg.

Nimeandika mengi, lakini bado sijafika nilikokuwa nakwenda.

Mwaka juzi ulikuwa unafunga. Ulikuwa unaamka daku peke yako kwenye kile chumba, unanipigia mimi nikuamshe ukiogopa usingizi. Mwaka huohuo ndio ulioshika namba moja kwenye programu yenu. Akili yako ni ileile, haijaongezeka wala haijapungua. Kilichohama ni kitu kingine, kwa hiyo usinambie akili ndiyo iliyokihamisha.

Na mimi nakwambia langu, ambalo sijamwambia mtu. Babako alipofariki, zile siku za eda, miezi minne na siku kumi, nilikuwa nafungua msahafu kila alfajiri na kusoma kama mtu anayesoma orodha ya bei dukani. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa naitikia "amin" na huku nafikiria umeme utakatika saa ngapi. Hali hiyo ilikaa karibu mwaka. Kisha siku moja ilirudi, si kwa hoja, nilikuwa nafua. Kichwa ni hiki hiki kilichokuwa kinafundisha logarithimu wakati wote huo. Sikuwa na akili zaidi nilipokosa, wala sikurudi mjinga nilipopata.

Ndiyo maana jedwali lako sikuliamini kuwa ndiyo sababu. Nadhani naijua siku yenyewe. Ni siku ya mazishi, pale uani, umekaa kwenye benchi chini ya mwembe. Yule mzee alikuja akakushika bega, akakwambia laiti mngemwombea babako zaidi badala ya kumzungusha mahospitalini. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa dirishani na vazi langu la eda, nilisikia kila neno. Niliuona uso wako. Nikarudi ndani.

Nilijiambia si wakati wa kumjibu mtu mzima msibani. Nilijiambia mambo mengi. Huyo alikuwa wakili wangu. Ukweli ni kwamba nilikuacha peke yako na maneno yale, na hatukuwahi kuyataja mpaka leo. Babako aliombewa, mwanangu. Na alipelekwa hospitali. Vyote viwili tulifanya, na saratani ilikuwa imefika kwenye ini kabla hatujajua inaanzia wapi. Nisamehe. Ningetoka siku ile, hata bila viatu.

Sikuandiki ili urudi msikitini. Hilo ni lako, nami nitaendelea kukuombea bila kukuomba ruhusa, kama ninavyokutilia pilipili ya ziada kwenye kifurushi bila kukuuliza. Ninachotaka ni ukija Desemba kwa hitima ya babako usijifiche chumbani. Huwezi kusoma, usisome. Kuna nazi za kukuna, kuna sufuria la pilau la kuteremsha jikoni, na mikono ya wanaume siku hizi nyumba hii ni michache. Yule mzee bado yuko hai na atakuja. Akikusogelea, safari hii nitakuwa nimekaa kwenye benchi.

Na mpigie bibi. Usimweleze kuhusu wastani. Ameshawapa wanawake wa mtaa wote lile fumbo la chungu na mkungu, watatu wamesema elfu moja na anawacheka mpaka leo. Anauliza kama huko Uholanzi wanalo jingine, na anataka safari hii liwe la samaki.

Mama yako