Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa 2022

Ndugu wanachama,

Kwenye mkutano wa Januari mwaka jana nilisimama hapa nikapinga tununue tiketi za msimu za Western Kentucky, timu yetu ya chuo ya futiboli ya Marekani. Katibu aliyaandika maneno yangu yote, na tangu Septemba baadhi yenu hamjaacha kunikumbusha. Basi naanza na hilo, tulimalize.

Mnajua nilichokuwa nakiogopa. Bailey Zappe, kwotabeki wetu (yaani mchezaji anayerusha pasi), alikuwa amerusha pasi za yadi 5,967 na tachidauni 62 (kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) ndani ya msimu mmoja. Kwenye daraja la juu la futiboli ya vyuo Marekani hakuna aliyewahi kufika huko: rekodi ya yadi ilikuwa ya B.J. Symons wa Texas Tech tangu 2003, ya tachidauni ilikuwa ya Joe Burrow wa chuo cha Louisiana State, 60 mwaka 2019. Zappe alizivunja zote mbili tarehe 18 Desemba 2021 kule Boca Raton, Western Kentucky ilipoifunga Appalachian State 59 kwa 38. Ilikuwa wiki moja tu baada ya kile kimbunga kuupiga mji wetu wa Bowling Green usiku. Tulikuwa bado tunazika watu na kuokota mabati. Furaha ya siku ile siwezi kuipima kwa pointi.

Halafu wakaondoka. Zappe alimaliza chuo akielekea ligi ya kulipwa, ambako baadaye New England Patriots walimchagua raundi ya nne. Zach Kittley, kocha wa mashambulizi, akarudi Texas Tech. Jerreth Sterns, aliyedaka pasi 150, naye akamaliza chuo. Wote watatu tuliwapata kwa mpigo kutoka chuo cha Houston Baptist, na wote tukawapoteza kwa mpigo. Nikasema nyumba imebaki na kuta tu.

Mzee mmoja wetu wa Lubumbashi alinijibu palepale. Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na kocha Carteron naye akiwa ameshaondoka, Mazembe walichukua Kombe la Shirikisho mwaka huohuo, na 2017 wakalichukua tena. Nilimwambia huo ni mpira mwingine. Leo namwomba radhi mbele yenu, mzee.

Kosa langu lilikuwa kuangalia mkono wa Zappe peke yake. Kocha mkuu Tyson Helton hakutoka nje kutafuta jina kubwa. Alimpandisha Ben Arbuckle, kijana ambaye wakati huo hakuwa amefika miaka 30, na ambaye msimu wa 2021 alikuwa msaidizi wa chini kwenye benchi la ufundi, akampa kazi ya kuongoza mashambulizi pamoja na Josh Crawford. Maana yake daftari la mbinu halikubadilika: wadakaji wanatawanywa uwanja mzima, michezo ni michache lakini imefanyiwa mazoezi hadi imeingia mwilini, mpira unatoka mkononi haraka kabla beki hajafika. Mdakaji Malachi Corley alikuwa tayari anaijua lugha hiyo. Alidaka pasi 101, na wengi wa wale waliomkaba walijikuta wameshika jezi tu.

Kwotabeki mpya alitoka West Florida, chuo cha daraja la pili. Tulicheka, tusidanganyane. Lakini Austin Reed alikuwa ameshatwaa ubingwa wa taifa wa daraja hilo mwaka 2019, na kushinda ni mazoea. Alimaliza msimu na yadi 4,744 za pasi, nyingi kuliko za kwotabeki yeyote wa daraja la juu nchi nzima, na tachidauni 40. Hakuwa Zappe, na hakuna aliyemwomba awe Zappe.

Msimu wenyewe mliuona. Mechi ya Hawaii ilianza usiku mkubwa kwa saa zetu, na wale wa zamu ya alfajiri kiwandani waliniapiza wiki nzima, ingawa tulishinda 49 kwa 17. Indiana walitunyang'anya kwenye muda wa nyongeza, 33 kwa 30, na ile mechi bado inaniuma kuliko 40 kwa 13 ya North Texas. Ukichapwa vile unalala tu. Florida International tuliwapa 73 kwa yai. Auburn walitushinda kwa ukubwa wa mfuko, sisemi zaidi. Tukafunga mwaka New Orleans tarehe 21 Desemba kwa kuichapa South Alabama 44 kwa 23, Reed akirusha karibu yadi 500. Hesabu ya mwisho: ushindi 9, vipigo 5. Nenda kaangalie msimu wa Zappe. Ushindi 9, vipigo 5.

Ya chama ni machache. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana. Mama mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Gari tulilokodi lilituacha barabarani mara mbili na mwenye gari hakurudisha hata senti, kwa hiyo mwaka huu tutakwenda kwa magari yetu. Darasa la kanuni kwa watoto limegeuka: sasa wao ndio wanatufundisha sisi.

Habari mliyoisikia ni ya kweli. Arbuckle alikwenda chuo cha Washington State baada ya msimu mmoja tu. Reed naye aliingia kwenye dirisha la uhamisho, akabadili mawazo, akabaki.

Safari hii natoa hoja tununue tiketi, na tununue mapema. Anayeunga mkono apeleke pesa kwa mama mweka hazina kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Na aliyeondoka na taulo langu jekundu siku ya mechi ya mwisho nyumbani, jina lako ninalo.

Mwenyekiti