Yule kamanda wa sketi

Kigoma

Ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, mvua zimeanza na umeme unakwenda na kurudi kama ulivyouacha. Barua yako nimeipata na swali lako limenichekesha: eti ni kweli vita vya ziwa letu la Tanganyika, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viliongozwa na Mwingereza mwenye sketi? Kweli tupu. Sketi ya kaki, kaishonewa na mkewe, na mwili umejaa tatuu. Waholoholo wa ng'ambo ya Kongo walimpa jina la Bwana Chifunga-Tumbo, na alipokuwa akioga watu walijaa kumtazama, naye alipenda hivyo.

Ila nikikuachia hapo nitakuwa nimekudhulumu. Kila anayemsimulia huyu bwana huishia kwenye sketi, na wewe ni mpima ardhi, kwa hiyo kuna upande wake ambao utauelewa kuliko mimi mwalimu mstaafu.

Anaitwa Geoffrey Spicer-Simson. Kazaliwa Hobart, Tasmania, mwaka 1876, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa na miaka 14. Wenzake wakapanda, yeye akabaki luteni kamanda mpaka anakaribia miaka 40. Mdomo ndio uliomponza kwanza: kila mnyama kashamwinda, kila bahari kashaivuka, na mtu asimsahihishe. Halafu mikosi. Mwaka 1905 alibuni njia ya kunasa nyambizi kwa kamba inayoburutwa na manowari mbili, nusura azamishe nyambizi ya wenzake. Safari nyingine manowari yake ikagonga mashua, mtu akafa. Vita ilipoanza alipewa vyombo vya kulinda pwani ya Kent, na tarehe 11 Novemba 1914 manowari Niger iliyokuwa chini yake ikapigwa torpido mbele ya mji wa Deal, mchana, yeye yuko nchi kavu hotelini na mkewe na wageni. Wakubwa wakampa meza ofisini London, wakamsahau.

Sasa sikiliza. Kati ya visa hivyo kuna miaka ambayo wasimuliaji huiruka. Alikwenda Borneo kwenye kazi ya mpaka. Kuanzia 1905 hadi 1908 alikuwa China, akipima sehemu ya juu ya mto Yangtze kwa pembetatu, kazi ambayo ilikuwa haijafanywa. Kisha akapewa meli ya upimaji mto Gambia, akakaa huko mpaka karibu na vita. Huko kote sijaona alikogonga mashua ya mtu. Kazi ya kuteremsha bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia maji, kuandika kina, kusogea, kuteremsha tena, ilimkaa vizuri. Mimi naona jeshi lilikuwa na mpimaji mzuri likang'ang'ania kumfanya mpiganaji.

Lakini vita haichagui. Aprili 1915 mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, alifika makao makuu ya jeshi la majini na wazo lake. Wajerumani walikuwa wanalitawala Ziwa Tanganyika kwa meli Kingani na Hedwig von Wissmann, na hapa Kigoma walikuwa wanamalizia Graf von Götzen, zaidi ya tani 1,000. Lee akasema: tuleteeni boti ndogo zenye mwendo, zipite Afrika Kusini kwa reli, kisha msitu wa Kongo, zitokezee ziwani. Wakubwa wakakubali. Wa kuongoza? Wakamwona Spicer-Simson kwenye meza yake: anajua Kifaransa, kashakaa Afrika, na hakuna aliyekuwa anamhitaji.

Boti mbili za futi 40, kila moja na mzinga mdogo mbele. Alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakamkatalia, akaziita Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha kitoto ni paka na mbwa vilevile. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikashuka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume kule Katanga. Hapo reli ikaisha.

Hapo ndipo ningekaa mchana kutwa kama ningekuwa mwandishi. Mbele kuna milima ya Mitumba na zaidi ya kilomita 200 za pori. Boti ziliburutwa na matrekta mawili ya mvuke, na pale matrekta yaliposhindwa wakafungwa maksai kwa makumi. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa magogo ya miti iliyokatwa palepale, na watu waliokata, waliobeba mawe na waliosukuma ni Wakongo. Maji ya matrekta yalipopungua, wanawake wa vijiji vya njiani ndio waliobeba mitungi kichwani. Maofisa wote wa msafara majina yao yapo. Wale akina mama hata mmoja hatajwi. Na Lee mwenye wazo, aliyetangulia kutafuta njia, alishutumiwa ulevi na utovu wa adabu, Spicer-Simson akamrudisha kabla hajaliona ziwa na boti zikiwa juu yake. Sikusifii tabia ya mtu huyu, nakueleza tu.

Mwishoni mwa Oktoba walifika Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Asubuhi ya Jumapili, 26 Desemba 1915, wakiwa kwenye ibada, Kingani ikaonekana. Kamanda hakuikatiza sala. Alipomaliza ndipo akaamuru boti zitoke. Dakika chache tu nahodha wa Kijerumani kafa, meli imetekwa, ikapewa jina Fifi na kuingia kwenye msafara wao. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikafuata, hiyo ikazama.

Kesho yake Götzen ikapita polepole ikimtafuta mwenzake. Watu wa Spicer-Simson wakasimama tayari, yeye akakataa katakata. Basi hapa ndipo wengi wanamcheka na mimi siwafuati. Ile meli ilikuwa imefungwa mzinga kutoka manowari Königsberg, ile iliyozamishwa Rufiji. Boti za mbao za futi 40 zingefanya nini? Alipokosea waziwazi ni Kasanga, ambako Wajerumani walipaita Bismarckburg. Juni 1916 aliogopa mizinga ya ngome akakaa mbali, maadui wakatoroka usiku kwa majahazi, na mizinga ikaja kuonekana ni ya magogo. Mwezi uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen hapa hapa karibu na Kigoma, mashine zimepakwa grisi kwanza. Ndiyo maana iliwezekana kuiibua 1924, na tangu 1927 ndiyo Liemba yetu.

Yeye alirudi London na nishani, ya Waingereza na za Wabelgiji. Ungedhani sasa watampa meli. Wapi! Meza tena. Ila baada ya vita, mwaka 1921, nchi kadhaa zilianzisha ofisi ya pamoja ya upimaji wa bahari huko Monaco, ili ramani za mabaharia zifanane, na katibu mkuu wa kwanza akawa huyu huyu. Alikaa hapo mpaka 1937, miaka 16, akishughulika na vina vya maji na alama za ramani. Alifia Canada mwaka 1947.

Kwa hiyo wewe wa kamba na darubini, niambie: mtu aliyepima Yangtze anaweza kuwa mpuuzi kiasi wanachosema? Na ungekuwa na boti mbili zile ungeifuata Götzen? Nijibu kwa urefu, usinitumie mistari miwili kama mara ya mwisho. Ukiingia maktaba ya chuo chenu nitazamie kama wana ramani za mto Gambia za miaka ile.

Mama Asha anakusalimu, na watoto. Dagaa wako wameshakauka, nitawapakia kwenye basi la Ijumaa; nikimkabidhi kondakta nitakupigia.

Wako,
Mwalimu Hamisi